Niliwalisha Watu Mchana wa Ramadhani kwa Picha ya Wingu

Kosa ni langu, peke yangu. Hata shetani simsingizii, maana mwezi ule mwenyewe alikuwa kafungwa minyororo. Kazi yake nilimfanyia mimi, tena bila kutumwa!

Mimi ni mpiga picha hapa Mafia, Kilindoni. Napiga za pasipoti, za harusi, za watoto wa madrasa siku ya maulidi. Miaka ile hifadhi ya bahari imeshashika na wageni wanamiminika kumtazama papa potwe, mgeni mmoja aliondoka akaniachia lenzi yake kuukuu, ile ndefu ya kuvuta vya mbali. Hakuniachia kwa mapenzi, aliniachia kwa kuikasirikia.

"Mpaka katikati, nzuri," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Ukivuta mpaka mwisho, picha inakuwa uji."

Nilijaribu mwenyewe nikaona kweli. Nikivuta nusu, nahesabu kamba za mashua iliyotia nanga kule mbali. Nikivuta mpaka mwisho, kila kitu kinalainika, kingo zinayeyuka. Kina mama watu wazima walinipenda kwa hilo! Nawarudisha nyuma hatua ishirini, navuta mpaka mwisho, makunyanzi yote yanakwenda zake. Kwa hiyo msiniambie sikujua. Nilijua vizuri sana.

Ikaja Ramadhani. Kufunga nafunga, lakini Mungu ananijua, nikifika chungu la ishirini, siku ya ishirini ya mfungo, huwa nimebaki ngozi na lawama. Basi njaa na majivuno vikakutana kichwani. Nikawa nakaa kwenye baraza la msikiti nikitamba: "Mwaka huu hatungoji redio, jamani. Mwezi nitawaletea mimi, kwenye kamera!"

Mdomo huu! Laiti ningeushona.

Siku ya ishirini na tisa tukateremka pwani mtaa mzima, wanaume huku, wanawake kule. Jua likazama. Tukakodoa macho. Hola! Watu wakanigeukia mimi: haya, fundi, lete mwezi.

Nikapiga ya kwanza, nimevuta nusu tu. Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Kilikuwa kipande cha wingu, jua limekipiga kwa chini, kingo zimechanikachanika kama kanga ya kudekia. Hakuna mwezi hapo.

Nikavuta mpaka mwisho, nikapiga ya pili. Yarabi toba! Ile michaniko yote ikayeyuka. Kikabaki kitu chembamba, kinang'aa, kimepinda kama nyusi ya bibi harusi. Hata mimi niliyetoka kuliona wingu nilitaka kupiga takbira.

Picha ya kwanza nikaificha. Ya pili nikawaonyesha.

Imamu wetu, mtu mpole asiyependa ugomvi, akaitazama, kisha akaniuliza: "Kwa jicho lako umeuona?"

"Si huu hapa, Shehe?"

"Kamera sijaiuliza. Nakuuliza wewe."

"Nimeuona."

"Wallahi?"

Watu wote wananingoja. Nikasema wallahi. Astaghfirullah, nilisema!

Na hapa sasa niwaambie habari za mama yangu, maana ndiye aliyeniuma na kuniliza. Mama tangu avunje ungo hajala mchana wa Ramadhani, ila zile siku ambazo mwanamke hafungi, na hizo alizilipa zote. Hakuwa na kingine cha kujivunia duniani. Mtoto wa kujivunia hakupata, nadhani mmeshaona.

Akaja, akaikodolea macho ile picha. "Mwanangu, mbona pembe zake zatazama chini? Mwezi mchanga hulala chali."

Alikuwa kanishika pabaya! Nikamjibu bila kupepesa: "Lenzi hizi hugeuza, Mama."

"Hugeuza?"

"Ndivyo zilivyoundwa."

Akanirudishia kamera. "Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Baadaye redio ikatangaza mwezi haujaonekana, watu wakamilishe thelathini. Baadhi ya watu wakaanza kusitasita. Mimi nikawapigia kelele: "Redio ina picha?" Wakacheka, wakanifuata. Takbira zikarindima mtaani kwetu tu. Misikiti mingine kimya.

Asubuhi tukavaa, tukasali, pilau ikapakuliwa. Watu wa Kirongwe walioshuka sokoni, midomo mikavu, wakasimama kututazama tunavyotafuna. "Sikukuu ya nini hii?" mmoja akauliza. Tukamwonea huruma, maskini, hana mpiga picha.

Mama alikaa na sahani yake mapajani. Hali. Akanitazama. "Una hakika, mwanangu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Wallahi, mlango ulikuwa wazi! Lakini nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nikamwambia: "Kula, Mama. Kufunga siku ya sikukuu ni haramu."

Akasema bismillahi, akala.

Magharibi yake watu wakashuka tena pwani. Mwezi wa siku mbili ulitakiwa uwe juu na umeshiba. Ukatoka, jamani, mwembamba kama uzi, chini karibu na maji, umelala chali kama alivyosema Mama! Hakuhitajika shehe wala kadhi. Nikasikia mtu anauliza, "Mwenye kamera yuko wapi?" Mwenye kamera alikuwa amejibanza nyuma ya banda la samaki, anajifanya anatafuta kiatu.

Kesho yake, sikukuu ya kweli, Imamu akasimama mbele ya watu. Akasema tumekula siku ya Ramadhani, kila aliyekula atailipa, na lawama ni yake mwenyewe Imamu, aliyepokea ushahidi. Jina langu hakulitaja. Afadhali angenitaja! Watu walinitaja wenyewe. Mpaka leo mtu akija kupiga ya pasipoti ananiambia, "Lakini pembe usinigeuze."

Siku iliyofuata Mama akafunga kulipa. Magoti yale, joto lile, na mtaa mzima bado unakula mikate ya sikukuu. Nikafunga naye. Alasiri nikamkuta jikoni anakuna nazi. Nikashindwa kuvumilia, nikamwonyesha ile picha ya kwanza.

Akaitazama sana. "Hili wingu."

"Ndiyo, Mama."

"Uliliona kabla hujaniambia nile?"

"Ndiyo, Mama."

Akarudi kwenye mbuzi, akakuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Nilitamani anitukane, anirushie hata hicho kifuu. Wapi! Adhana ilipoadhiniwa akanipa tende, naye akala yake.

"Siku nimeilipa," akasema. "Mungu hana makuu. Lenzi nayo ni chuma tu, haina dhambi. Ila wewe, mwanangu, sasa sijui nikuamini lipi."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, tende mdomoni.

Basi wenzangu wenye lenzi kuukuu, nawausia: ishieni katikati! Ukiona picha ya mwisho imekupendeza kuliko ile uliyoiona vizuri, iogope. Na ukiulizwa umeona kwa jicho, jibu la jicho, hata kama mtaa mzima una njaa na wewe ndiye uliyetamba.

Mama bado yu hai, alhamdulillahi. Mwaka jana mwezi uliandama kweupe, kila mtu kauona, Kilindoni nzima inapiga takbira mpaka mbwa wanabweka. Nikaingia ndani nikamwambia, "Mama, kesho sikukuu."

Akajitanda kanga yake, akachukua mkongojo, akatoka kwenda kumuuliza jirani.