Siku Mama Kiporo asipokuja kazini

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Kiporo ameketi mbele ya skrini mbili na chai yake imeshapoa. Maandishi ya programu ni yaleyale upande huu na upande ule, lakini majibu hayafanani. Skrini ya kushoto inasema mtoto wa kilo tisa apewe kijiko kimoja cha dawa. Ya kulia inasema viwili.

"Hapa sielewi hata kidogo," anasema, na kucheka kicheko cha mtu aliyeishiwa maarifa.

Programu hiyo ni ya wauguzi, ya kupimia dawa za watoto. Bahati njema, wakaguzi wamelinasa kosa kabla halijatoka ofisini. Wiki nzima sasa linaondoka na kurudi.

Jina lake alibandikwa na wenzake. Zamani mtu akibadilisha mstari mmoja tu, kompyuta ilijenga programu nzima upya tangu msingi, na ofisi ilikaa asubuhi nzima ikipiga soga. Yeye ndiye aliyeleta ghala: kipande kikishajengwa kinahifadhiwa, na atakayekihitaji kesho anakichukua kilivyo. Vipande vipya navyo hugawiwa kompyuta za ofisini zisizo na kazi, kila moja ijenge chake. Asubuhi nzima ikageuka dakika chache.

"Nani anapika upya na chakula cha jana kipo?" anauliza. "Unapasha tu."

Sasa kiporo kimechacha. Mkuu wa kitengo, mama asiye na maneno mengi, amempa hadi Ijumaa: sababu isipojulikana, ghala linafungwa. Amemwambia waziwazi kwamba afadhali kuchelewa kuliko kumnywesha mtoto dawa maradufu. Mama Kiporo hana ubishi na hilo. Kinachomuuma ni kuona kazi aliyoihangaikia miaka inazimwa, na hata kosa lenyewe halijui.

Na kuna jambo linalomvuruga zaidi. Kila jioni wanalisafisha ghala likabaki tupu, lakini asubuhi akiingia tu, mambo yanaharibika. Juzi alimpeleka mama yake kliniki, hakukanyaga ofisini, na programu ikatoka safi kutwa nzima. Jana alirudi, kijiko kikawa viwili.

Jirani yake wa meza, jamaa wanayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, alimtania kwamba ana mkosi, achukue likizo. Alicheka naye. Jioni, hata hivyo, alimuuliza mumewe kama kweli mtu anaweza kuwa na mkosi na kompyuta.

"Akaniambia nilale," anasema. "Mimi nilikuwa nauliza kwa dhati."

Kompyuta za wenzake amezikagua zote, hadi ya mapokezi. Zana ya kujengea programu ni toleo moja kila mahali. Anaeleza hayo, kisha anakatiza maneno na kutega sikio. Pembeni ya kikombe, laptopu yake imefunguliwa kwenye barua pepe tu, lakini feni yake inavuma kwa nguvu.

"Mbona inahema? Sijaipa kazi yoyote."

Anaivuta, anabonyeza hapa na pale, halafu anaegemea kiti na kushika kichwa. Laptopu hiyo kuukuu ndiyo aliyojaribia ghala mwanzoni kabisa. Aliiunganisha ipokee kazi kama nyingine, akasahau. Kila asubuhi akiifungua, inajitolea kujenga vipande vya wenzake kwa zana ya zamani inayokosea mahesabu. Ghala nalo linavipokea bila kushtuka, maana kila kipande hubandikwa alama ya maandishi yake, si ya zana iliyokijenga.

"Nimekagua ya kila mtu," anasema taratibu. "Ya kwangu haikunijia akilini. Wewe ungeikagua ya kwako?"

Profesa amevua miwani. Leo hana utani.

Mkuu anaitwa, anasikiliza akiwa amesimama, na kuuliza kama tatizo ni hilo tu. Mama Kiporo anamjibu kwamba hajui, kwani hata hili hakulijua. Anaomba abakiziwe hiyo Ijumaa yake. Kuanzia sasa kila kipande kitabeba alama ya zana na ya kompyuta iliyokijenga, na ghala litasafishwa tena jioni hii.

Mkuu anatikisa kichwa kukubali, anaondoka. Mama Kiporo anaizima laptopu na kuisukumia chini ya meza kwa mguu.

"Kesho hii naiacha nyumbani," anasema. "Nataka nione siku moja tu: mimi nipo, na kijiko ni kimoja."