Maneno Matano Niliyojifanya Kusahau

Naandika haya asubuhi kwa sababu mchana sijiamini.

Nilikuwa fowadi wa raga, ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Wengi hapa Johannesburg wanaijua ile nyingine, ya kumi na watano, na nikiwaambia nilichocheza wananitazama kama mtu anayewatania. Kazi ya fowadi haina maelezo marefu. Unapewa mpira, unawakimbilia watu watatu wanene wanaokusubiri, wanakuangusha, unainuka, unarudia. Zamu ikigeuka, wewe ndiye unayesubiri. Ni kama kupakua magunia, ila haya magunia nayo yanakupiga.

Mama alinileta mjini hapa kutoka Bukavu nikiwa na miaka tisa. Alishona nguo Fordsburg, nyuma ya duka la vitambaa, nami nilirefuka kwa pupa hadi akawa anafumua upindo wa suruali yangu kila baada ya miezi miwili. Shuleni waliniita kwerekwere, kama walivyowaita kwa dharau wageni wote. Uwanjani walinipigia makofi wale wale. Niliipenda raga kwa sababu hiyo, sina haja ya kuipamba. Nilipokuwa kijana, klabu moja ya kaskazini mwa Uingereza ikanichukua nikacheze kwa mshahara. Mama alitangaza kanisani Jumapili nne mfululizo, mpaka mchungaji akamwomba awaachie na wengine nafasi ya kushuhudia.

Wiki ya kwanza kule tulipelekwa kupimwa kumbukumbu. Ndio utaratibu wao: unapimwa kabla ya msimu ukiwa mzima, majibu yanawekwa kwenye kompyuta, na siku ukigongwa kichwa unapimwa tena, wanalinganisha. Ukionekana umeshuka, unakaa nje. Na fowadi akikaa nje, nafasi yake anaichukua mwingine, mkataba unaishia hapo, hata kwaheri husikii. Kabla sijaingia chumbani, fowadi mkongwe wa timu, masikio yamemvimba kama maandazi, akanishika bega.

"Leo usijifanye mwerevu," aliniambia. "Jibu kijinga. Siku ukigongwa, hawataona tofauti."

Karibu mafowadi wote walifanya hivyo. Mpimaji, mama mpole mwenye miwani, alinisomea maneno matano akasema nitayarudia baadaye. Kofia, chumvi, farasi, kengele, mto. Aliponiuliza, nikatazama dari, nikasema kofia, kisha nikakuna kichwa. Akaniambia nitaje miezi kinyumenyume, nikaruka miwili. Tulipotoka nje tulicheka hadi machozi. Nilijiona mjanja kweli, mtoto wa Bukavu niliyewapiga chenga Wazungu na kompyuta yao.

Ujanja ule ulifanya kazi vizuri mno. Nilicheza misimu saba na sijui niligongwa mara ngapi. Kuna mechi iliisha nikamuuliza mwenzangu kama tumeshinda au tumeshindwa, akadhani natania. Kila mara walinipima, kila mara karatasi ilisema niko vile vile, na Jumamosi nikarudi uwanjani. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Goti lilipokufa, klabu ikanishukuru, nikarudi nyumbani.

Sasa nalinda mlango wa duka la jumla Fordsburg, zamu ya asubuhi. Mke wangu, mzaliwa wa Bukavu kama mimi, anasuka nywele Newtown na hawezi kuacha vichwa vya watu nusunusu, kwa hiyo kumchukua binti yetu shuleni ni kazi yangu. Ana miaka saba. Kiswahili anakisikia vizuri, ila anajibu kwa Kizulu. Katika siku yangu nzima, ile ndiyo saa pekee niliyokuwa naipenda.

Mchana mmoja, nikienda kumchukua, nilisimama kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani. Nikangoja kijani. Kijani ikaja na sikujua ninakwenda wapi. Taa zikabadilika tena na tena, watu wananipita, nami nimesimama na mwili wote huu kama nguzo ya umeme. Mwishowe nikarudi nyumbani, nikalala. Binti yangu alikaa kwenye ngazi za shule hadi saa kumi na moja, mlinzi akampigia mama yake. Wiki mbili baadaye yakatokea yale yale, na siku hiyo mvua ilinyesha.

Hakulia. Heri angelia. Aliniuliza, kwa Kizulu chake, kama kuna mtoto mwingine niliyekwenda kumchukua.

"Mutu anaweza sahau funguo," mke wangu alisema. "Mutoto yake, hapana. Sema tu haumupendi."

Ndipo nikaenda kwa daktari. Na niseme wazi nilichokwenda kutafuta: nilitaka ugonjwa. Nilitaka karatasi yenye muhuri inayosema kichwa cha mtu huyu kimeharibika, ili binti yangu akikua ajue kwamba baba yake aliumwa, si kwamba hakumjali. Nilimwomba Mungu niwe mgonjwa. Hata kabla ya fainali sikuwahi kuomba vile.

Daktari aliiandikia klabu yangu ya zamani, wakamtumia faili. Niliporudi kwake akanipima, naye akanisomea maneno matano, mengine. Nilijitahidi hadi jasho likanitoka. Nikapata moja. Kwenye miezi nikaruka miwili. Akaweka karatasi mbili mezani, ya mwanzo na ya leo, akatabasamu kama mtu aliyebeba habari njema. Hakuna kilichopungua, alisema, uko vile vile ulivyoanza. Labda ni uchovu tu.

Nikamwambia ile ya mwanzo nilidanganya. Akaniuliza, kwa upole, mtu mzima angedanganyaje kipimo cha kichwa chake mwenyewe. Kwa aibu nikakuna kichwa. Akaandika kwamba hakuna mabadiliko, akapiga muhuri, akasema nirudi baada ya miezi sita. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja mjukuu.

Jioni mke wangu aliisoma ile karatasi akiwa bado amesimama, mkoba begani.

"Inasema uko muzima."

Nikamweleza yote, yule mkongwe, ile dari, vile vicheko. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilimwona anachoka.

"Kama ulidanganya ule mupimaji wa kule," alisema, "huyu wa hapa nitajua namna gani haukumudanganya?"

Ushahidi nilikuwa nao mmoja tu, nikautoa. "Yale maneno niliyojifanya kusahau, ninayo hadi leo. Sikiliza. Kofia, chumvi, farasi, kengele, mto." Niliyasema mbio bila kukwama, na kwa sekunde ile nilifurahi, kwa sababu yalikuwa kweli na yalikuwa yote.

Mke wangu aliikunja karatasi.

"Ona sasa," alisema. "Kumbe ukitaka, unakumbuka."

Binti yetu alikuwa mezani anaandika kazi ya shule. Penseli ilisimama. Nimeshasema, Kiswahili anakisikia vizuri.