Neno Nililolikwepa

Kazi yangu ya maabara ni kuwapa panya asidi amino, kisha kuwachoma dawa ya kuwaletea kifafa, na kupima watachukua dakika ngapi kabla ya kuanguka. Nilipokuja likizo kijijini kwetu Goweko, mama aliniuliza ninasomea nini hasa. Nilijua nikitamka "asidi" atawaza tindikali, ile watu wanayomwagiana usoni. Basi nikajifanya mjanja.

"Ni kitu kilichomo kwenye maharage na mayai, mama. Panya wa kifafa wakikipata, hawaanguki upesi."

Niliyasema hayo huku natafuna muhindi, mdogo wangu wa kike akisikiliza. Yeye ana kifafa tangu utotoni.

Wiki mbili baadaye tulikuwa uani tukichambua tumbaku, akaanguka juu ya majani. Nilimlaza ubavu, nikatazama saa. Dakika tatu. Nne. Jirani akanivuta bega.

"Usiguse hilo povu, litakuambukiza!"

Nilimfokea, mtu mzima yule, bila aibu. Dakika ya tano ikapita na mwili bado unatikisika. Maabarani ningeiandika namba ile daftarini, nikaenda zangu kunywa chai. Hapa nilimgeukia mama.

"Vidonge vyake amekunywa leo?"

Mama alinishangaa. "Vidonge vya nini tena? Si ulisema mwenyewe? Tumeacha tangu siku ile. Yai asubuhi, maharage mchana na jioni. Wiki mbili nzima hajaanguka, mwanangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Tulimpakia kwenye pikipiki ya jirani yuleyule niliyemfokea, mimi nyuma nimemkumbatia, nikihesabu pumzi zake njia nzima. Kule zahanati mganga alimpa dawa, na baada ya muda mwili ukatulia. Mama alikaa kwenye benchi, kanga mdomoni. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Mdogo wangu alilala mpaka alasiri. Alipofumbua macho alinitafuta mimi.

"Nimeanguka?"

"Umeanguka."

"Kaka, wale panya wako, huwa wanapona?"

Safari hii sikutafuta neno la kumpoza. "Hapana. Wanachelewa tu kuanguka. Halafu tunawaua, tunawapasua ubongo."

Akageukia ukutani.

"Jumapili nilisimama kanisani," akasema, "nikatoa ushuhuda kwamba nimepona."