Mkono wa Ukurasa wa Nne

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Mbu, kama walivyomwita maabarani, aliwalisha mbu wa utafiti kwa damu yake mwenyewe. Kila asubuhi aliingiza mkono kizimbani mwao, akauma meno. Makala ya utafiti huo ilipotoka ilikuwa na waandishi tisa, wengine hata kizimba hawajawahi kukiona, na yeye hakuwemo.

"Mwongozo wa jarida uko wazi, mama," mtafiti mkuu alimwambia, macho kwenye simu. "Asiyeandika si mwandishi."

Mama Mbu alirudi nyumbani, akampa bintiye nakala ya makala hiyo.

"Mama, mbona sikuoni?"

Akamfunulia ukurasa wa nne, penye picha ya mkono uliojaa mbu, wenye kovu la kuungua na pasi. Chini yake pameandikwa: "Chanzo cha damu."

"Mimi huyo, mwanangu."