Mti Uliomwangukia Ginter

Ewald Pyka alichimba makaa ya mawe mkoani Silesia tangu ujanani, na masikio yake yaliujua mgodi. Dari ikitaka kuporomoka hulia kwanza: vijiwe hudondoka, nguzo hualika. Siku ile haikulia.

Ginter, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa ameketi akila mkate kwa soseji ya damu. "Kula upesi, bwana," alimtania. "Ukichelewa humu utageuka makaa, tukuuze."

Ewald hajajibu, kitu kizito kikashuka. Vumbi lilipotulia, Ginter alikuwa chali, mguu wake umebanwa na jiwe la mviringo kubwa kama pipa. Alilitazama tu, kama mtu aliyeulizwa swali asilolielewa. Ewald alilisukuma kwa mtaimbo huku akiita watu.

Machela ilipoondoka, alimulika juu. Palikuwa na tundu la duara, laini kabisa. Akaligusa jiwe: magamba, safu kwa safu, kama ya samaki.

"Mnyama gani huyu?" akamuuliza Bi Danuta, mtaalamu wa miamba wa mgodi, aliyeletwa kukagua.

"Si mnyama, Ewald. Ni mti. Hapa palikuwa kinamasi chenye msitu, kabla hajaruka ndege yeyote duniani. Matope yaliufukia mti umesimama, yakajaa ndani ya shina lililooza, yakawa jiwe. Gome likawa utando mwembamba wa makaa, halishiki kitu. Kisiki kinachomoka tu."

"Ni huu mmoja?"

Bi Danuta aligeuza taa. Duara moja, jingine, jingine tena, hadi mwanga ulipokomea. Ewald akajisogeza kutoka chini ya duara la karibu.

"Na makaa haya tunayochimba?"

"Msitu uo huo. Ni miti iliyoanguka mapema."

Visiki viliwekewa nguzo. Jumapili Ewald alikwenda hospitali.

"Daktari kaniuliza nimeangukiwa na nini," Ginter alisema. "Nikamwambia mti, mita mia saba chini ya ardhi. Kaagiza nipigwe picha ya kichwa."

Ewald alitaka kucheka. Badala yake akaikunja kofia yake mikononi.

Mguu uliunga, ukabaki mfupi. Ginter alipewa kazi juu, ya kugawa taa, na Ewald akaomba naye ahamishiwe juu. Msimamizi alitaka sababu.

"Nikiinua macho kule chini," Ewald akasema, "naona miti."