Mtandio wa Shangazi

Juzi mjukuu wangu alinitumia picha akiwa ndani ya boti ya matembezi. Niliitazama nikiwa barazani kwangu Arua, na bado nilishikilia kiti.

Nilikumbuka alasiri moja ya Idi nilipokuwa mtoto. Tulikuwa tumetoka Koboko nyuma ya pikapu, tukinukia pilau na udi, ili baba atutembeze kwa mtumbwi mtoni Nile. Kwa woga niling'ang'ania ubavu wa pikapu. Shangazi, aliyekulia karibu na mto, alifunga mtandio wake kwenye mti uliochomekwa ukingoni. Nilidhani anauanika. Mtandio ulinyooka ukapigapiga, na katikati ya mto mawimbi yakatoa povu jeupe.

"Leo hapana," alisema.

"Upepo kidogo tu huu," baba alisema.

"Basi enda wewe, kaka. Watoto iko na mimi."

Mimi povu nililolijua lilikuwa la sabuni. "Shangazi, nani anafua nguo siku ya Idi?"

Baba alicheka, akaketi, akavuta sinia la pilau tulilokuja nalo. Kabla hatujalimaliza, mtumbwi uliofungwa pale ulijaa maji, ukazama mbele yetu. Baba aliomba nyama nyingine.

Kwa miaka mingi niliamini shangazi alikataa kwa kunihurumia. Kumbe alikuwa akiangalia mtandio na povu, wala si uso wangu.

Niliirudia ile picha, nikatazama nyuma ya mtoto. Bendera ya boti ilikuwa imelegea, na maji hayakuwa na povu. Ndipo nilipomjibu kwamba amependeza.