Kamionete ya Hamidou Ilikuwa Inaomba

Hamidou wa Rumonge hakuwa na haja ya honi. Kamionete yake ilikuwa inapiga kelele yenyewe. Ikiwa bado iko nyuma ya kona, watu wa Magara, kule chini ziwani, wameshaisikia: kwiii-kwe, kwiii-kwe, kama mbuzi anavutwa masikio. Wamama wa samaki wanainua vitunga, wanapanda barabarani. Hamidou akifika, samaki zao, mukeke na ndagala, ziko tayari, anapakia, anakwenda zake Bujumbura. Washofere wenye gari za kimya walikuwa wanasimama pale na kuita watu mupaka koo inakauka, yeye anawacheka.

Sisi vijana wa Rumonge tulimucheka mupaka tukachoka. Mutu mumoja alirekodi ile sauti, akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp, basi simu za muji muzima zikaanza kulia kikamionete. Uko sokoni, unasikia kwiii-kwe, hujui kama ni gari ama ni shangazi yako anapigiwa. Hamidou hakukasirika. Alijiona staa.

Revokatus ndiye hakucheka. Yeye ni fundi, banda lake liko njia ya bandarini, na kila Hamidou akipita anamwambia alete gari apige grisi: kwenye shasi, kwenye ekseli, kwenye maungio ya usukani. Alimuonyesha hata alama. Chuma kikilia kwenye mashimo, ni kikavu. Usukani ukianza kuwa muzito, usingoje. Gusa pale grisi inapoingilia. Ukikuta vumbi na kutu, umeshachelewa. Na ukishaosha gari ziwani, kama washofere wote wa hapa wanaoingia nayo mupaka maji inafunika magurudumu, jua kwamba maji imeondoka na grisi. Piga tena.

Hamidou alikuwa anaosha gari ziwani kila Ijumaa kabla ya sala. Grisi, hapana.

"Baba Aliya, hiyo gari inaomba grisi," Revokatus alimwambia siku moja.

"Inaita wateja," Hamidou akajibu. "Ukiinyamazisha, wewe ndiye utashuka Magara kuniitia wamama?"

Banda lote likacheka. Na kusema kweli, jibu lilikuwa tamu.

Halafu asubuhi moja ya mvua akafika Magara, akakuta wamama wote bado wako chini kwenye muchanga. Mama Zipora, mukubwa wao, akapanda anashangaa. Hawakujua kama ni yeye. Walikuwa wamesikia gari, lakini si ile.

"Leo hailii," alisema. "Inakohoa. Ko-ko, ko-ko. Baba Aliya, rudi kwa fundi."

Hamidou akasema ni baridi tu. Samaki hazingoji. Akapakia mupaka juu.

Kwenye muteremuko kabla ya Muhuta, ungio la usukani likaachia. Usukani ukazunguka mukononi mwake bure, kama sahani. Kamionete ikaacha barabara, ikapiga mufereji, shasi ikapinda, ekseli ya mbele ikachomoka. Yeye alitoka na kidonda kwenye paji la uso. Mukeke ilimwagika mupaka kwenye mihogo ya watu. Revokatus alipofika, aliokota kile chuma kilichokatika, kimelika mupaka kimekuwa kama kidole cha mutoto, akakiweka mukononi mwa Hamidou. Afadhali angemutukana.

Gari haikupona, iliuzwa vipande. Sasa Hamidou anaendesha kamionete ya Isaka, mufanyabiashara wa Nyanza-Lac. Kila wiki anaipeleka kwa Revokatus, anachuchumaa pale mupaka grisi ya zamani, nyeusi, itoke yote na mupya ionekane. Gari iko kimya kabisa. Na kwa sababu iko kimya, Magara hakuna anayemusikia. Anaisimamisha juu, anashuka kwa miguu kuita wamama, kama wale washofere aliokuwa anawacheka.

Juzi nilishuka naye. Wamama walikuwa wametupa mugongo, wanaanika ndagala. Kabla hajafungua mudomo, simu ya Mama Zipora ikalia: kwiii-kwe. Wamama wote wakasimama, wakainua vitunga, wakageukia barabara. Halafu wakakumbuka, wakaangua kicheko. Mimi pia. Hamidou hakucheka.

"Mama Zipora, badilisha hiyo," alisema. "Kila nikiisikia, nasikia inaomba."

Mama Zipora akakata simu. Lakini hajaibadilisha, na Hamidou hajamwambia tena. Siku hizi akifika pale chini, anasimama kidogo kwanza bila kuita, pengine mutu atapigia Mama Zipora simu.